Meli Imetoka Liuli

Kwetu Litumbandyosi Ziwa Nyasa halionekani. Liko huko chini, nyuma ya milima. Lakini mwenye magunia ya maharage ya kupeleka Kyela alilazimika kujua meli iko wapi, tena mapema, maana kuteremka na mzigo hadi Lituhi si safari ya kubahatisha.

Miaka ya themanini habari ilipanda mlima kwa miguu. Mchuuzi wa dagaa aliulizwa kabla hajatua tenga: MV Songea imeonekana? Na MV Iringa je? Jibu lake lilikuwa limeshalala njiani. Ukifika ufukweni unasikilizia honi, na mwera ukivuma hata honi usiitegemee. Vituo vingi havikuwa na gati. Abiria na magunia walifuatwa kwa mitumbwi, na mawimbi yakichafuka kila kituo kilikula saa nyingi. Ratiba ilibandikwa ukutani, basi.

Simu za mkononi ndizo zilizoitanguliza habari mbele ya meli. Mama alipata namba ya muuza samaki wa Liuli, kituo kimojawapo cha meli. "Imetoka" ilimtosha; anajitwika, anaondoka.

Ukubwa wa meli hatukuuliza. Meli ni meli, ikijaa watu wanasogeana. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 1996 tuliomboleza kama msiba wa mbali. Septemba 2018 ikaja zamu ya MV Nyerere kule Ukara, ziwa hilohilo: kivuko cha abiria 101, na waliokufa wakapita 200. Hapo hesabu ikaeleweka hata kwa asiyejua kusoma. MV Mbeya II ilipozinduliwa Kyela Januari 2021, takwimu zake zilitufikia kabla hatujaiona: abiria 200, mizigo tani 200. Mama akauliza swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: "Na siku ya mnada, nani ataachwa?"

Sasa mpwa wangu ana ramani ya meli kwenye simu. Ananionyesha boti za Unguja zikikatiza mkondo, na meli za makontena Bahari ya Shamu, kila moja na jina, urefu na mwendo wake. Meli zenyewe hujitangaza kwa redio, kupitia kifaa kiitwacho AIS. Lakini mawimbi hayo hayafiki mbali, yanahitaji mnara wa kuyapokea pwani au setilaiti juu. Akalisogeza Ziwa Nyasa: buluu tupu, bila hata alama moja.

Sikusikitika sana. Ramani haisemi kama sitaha ina nafasi ya magunia, wala kama nahodha ameamua kusubiri mwera upungue. Mpwa wangu naye anajua. Muuza samaki wa Liuli amemhifadhi kwenye simu yake kwa jina la "Meli".