Orijino ya mwaka gani?

Ndugu msomaji, nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama naumwa, na mmoja akauliza kama nimepata kazi serikalini. Siumwi, na serikalini hawajaniita. Nilikuwa nyumbani Ihanda nikifufua gari la baba, na katika kulifufua nusura nimuue baba mwenyewe. Ndiyo maana ilinichukua muda kukaa chini na kuandika.

Kwa wasioijua Ihanda: ukitoka Vwawa kwenda Tunduma kwa barabara kuu ya Zambia, lazima utupite. Ni wilaya ya Mbozi, nchi ya kahawa, mahindi na maparachichi. Zamani tulikuwa mkoa wa Mbeya, tangu mwaka 2016 tuko Songwe. Malori ya Zambia na Kongo yanapita mchana na usiku, na foleni ya mpakani ikiwa mbaya yanapanga mstari hadi unasahau kwamba ile ni barabara na si maegesho.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1974. Baba alikuwa dereva wa serikali, na mwaka 1988 idara yake ilipouza magari yaliyochoka kwa mnada, yeye akanunua lile alilokuwa akiliendesha mwenyewe. Anasema alijua ugonjwa wake mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumdanganya. Gari hilo limebeba kahawa yetu, limebeba wagonjwa wa kijiji, limebeba majeneza. Ndilo lililompeleka dada yangu bweni kidato cha kwanza, sanduku la bati likigongagonga nyuma njia nzima. Kisha likasimama chini ya mparachichi, na kuku wakahamia.

Mwaka huu dada akapata mchumba. Baba, ambaye sasa ana miaka 76 na miguu inamsumbua, akasema jambo moja tu: siku ya send-off binti yake atapelekwa ukumbini Vwawa na Land Rover ileile iliyompeleka shule. Mama akacheka. Mimi nikasema, baba, niachie mimi.

Hapa ndipo kiburi kilipoanza. Sisi waandishi tukishika jambo tunataka kulijua lote. Nikakesha mtandaoni nikisoma habari za Land Rover. Nikajua kwamba ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kwamba bodi yake ni ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. (Ndiyo maana bodi ya baba haina kutu, bali chesisi, ambayo ni chuma, ilikuwa inaliwa polepole kama jino bovu.) Nikajua kwamba Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na kwamba Defender ya mwisho ya ukoo ule ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Mwaka huohuo kiwanda kikaanzisha mradi wa Reborn, kikianza na magari 25 ya Series I, kuyarudisha yalivyozaliwa kwa kila msumari. Nikasoma pia kwamba Ferrari moja ya zamani, 250 GTO, iliuzwa kwa mnada mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48, na kati ya vilivyopandisha bei ni kwamba injini na gia boksi vilikuwa vyake vya asili.

Basi nikalewa neno moja: orijino. Nikamwambia fundi wetu, mzee aliyeshika spana kabla sijazaliwa, kwamba kila tutakachofunga kiwe orijino. Alinitazama, akafuta mikono, akasema, "Sawa bosi. Hela ni yako." Alipoanza kuniita bosi badala ya mwanangu nilipaswa kushtuka.

Nisimsingizie, mzee hakuwa adui wa orijino. Hafshafti ya nyuma aliniambia mwenyewe nisinunue ya bei rahisi, kwa sababu aliwahi kufunga mbili za rahisi kwenye gari jingine na zote zikakatika msimu mmoja wa kahawa. Nikalipa mara tatu ya bei ya kawaida nikapata ya zamani iliyotolewa kwenye gari lililokufa, chuma kizito, na hadi leo sijutii. Beringi vilevile. Lakini nilipotaka kununua nembo ya bati ya mbele kwa laki moja na nusu alikohoa tu. Nikainunua.

Tukaja kwenye breki. Gari hili lina silinda sita za breki kwenye magurudumu: mbele mbili kila upande, nyuma moja moja. Zetu zilikuwa zimeganda. Tunduma kuna silinda mpya, za kutengenezwa miaka hii, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Mimi nikasema hapana. Nikapekua kwenye simu, nikaulizia Gerezani kule Dar, nikaulizia Nairobi barabara ya Kirinyaga, mpaka kijana mmoja wa mji fulani akanitumia picha WhatsApp. Silinda sita, hazijawahi kufungwa, ziko kwenye maboksi yake ya karatasi, namba za kiwandani zinasomeka. Sh 180,000 kila moja. Jumla Sh 1,080,000.

Ndani ya fedha hizo kulikuwa na laki saba za mama. Nilikuwa nimemwahidi za mbolea ya kahawa. Alikuwa ameshaniambia hata shamba gani ataanza nalo. Nikamwambia nitamtumia mwezi ujao. Mama akasema, "Haya, mwanangu." Mnaowajua mama zetu mnajua "haya" ya namna hiyo inabeba nini.

Maboksi yalifika kwa basi. Ndugu zangu, nilifurahi! Niliyapiga picha kabla ya kuyafungua. Yalikuwa na jina la kampuni mama ya zamani ya Land Rover, jina ambalo liliachwa kutumika mwaka 1986. Nilijivunia jina lile. Halikunituma kufanya hesabu ndogo ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya.

Fundi alifungua silinda moja, akatoa raba ya ndani, akaiminya kwa kidole gumba. Kisha akanipa na mimi niiminye. Ilikuwa ngumu kidogo, kama ufutio wa zamani.

"Hizi zimelala sana," akasema. "Chuma ni kizuri, kitamu kabisa. Raba tutupe, tuweke mpya za Tunduma."

Sasa sikiliza jibu la kijana msomi. Nilimwambia, "Fundi, tukibadilisha raba si zitakuwa si orijino tena? Nimelipa milioni moja!"

Akanyamaza. Akafunga kama nilivyotaka.

Kwa siku nne gari lilitembea vizuri. Baba alikuwa akikaa kibarazani akisikiliza injini, akitikisa kichwa kwa raha. Siku ya tano, wiki moja kabla ya send-off, akaomba twende naye hadi barabarani. Tukakaa watatu mbele, maana Land Rover hizi zina viti vitatu: fundi kwenye usukani, baba katikati, mimi dirishani. Kutoka kwetu kuna mteremko unaoshuka moja kwa moja mpaka kwenye lami. Na kwenye lami kulikuwa na foleni ya malori.

Katikati ya mteremko fundi alikanyaga breki na mguu ukaenda mpaka chini. Akapampu mara mbili. Hakuna kitu. Hakupiga kelele. Alisema "shikilia mzee" tu, na sikujua kama ananiambia nimshikilie baba au anamwambia baba ashikilie. Akapiga gia ya pili, injini ikalia kama mnyama, gari likapungua kasi lakini halikusimama, na nyuma ya lori la mafuta palikuwa panasogea. Kisha akavuta handbreki kwa mikono miwili. Gari likaruka, likasimama pembeni mwa mtaro. Kati yetu na tela la lori pangeweza kulala watu wawili.

Baba alikuwa amenishika goti. Aliliachia baada ya muda, akasema, "Raba?" Fundi akasema, "Raba, mzee." Hiyo tu. Wale wawili walielewana, mimi nikabaki natazama nje.

Baadaye fundi alinieleza. Gari letu lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Raba moja ikipasuka mafuta yote yanatafuta tundu lile, na huna breki hata gurudumu moja. Kilichotuokoa ni kwamba handbreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu na haitumii mafuta. Inashika ngoma iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye shafti yenyewe. Na raba ya breki inazeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Inakauka, inapoteza uhai, halafu ukiipa kazi siku chache inachanika. Boksi lile lilikuwa na miaka karibu arobaini. Mimi nilikuwa nimelipa milioni moja kununua uzee.

Nimetafakari sana, msomaji wangu. Aliyeniuzia hakunidanganya. Silinda zilikuwa orijino kweli, na namba zake zilikuwa za kweli. Tanzania tumefundishwa kuogopa feki, na tuna haki. Tume ya Ushindani, FCC, huteketeza bidhaa bandia, na kila mmoja wetu amewahi kulizwa dukani. Kwa hiyo swali letu ni moja tu: hii ni feki au orijino? Tukijibiwa orijino tunatoa pochi. Sikuuliza swali la pili ambalo mzee wa Ihanda asiyekwenda sekondari aliliuliza kwa kidole gumba: orijino ya mwaka gani?

Ferrari ya dola milioni 48 inaweza kubaki na raba yake ya kuzaliwa. Haitashushwa mteremko wa Ihanda ikiwa na mzee wa miaka 76 katikati. Mwenye nayo analipia orijino ili aje auze. Sisi tunalipia gari lisimame likiambiwa lisimame.

Jioni ile baba alinisimulia kitu ambacho sikukijua. Mwanzoni mwa miaka ya 80, baada ya vita vya Kagera, nchi haikuwa na fedha za kigeni na spea hazikuonekana. Madereva walilala na magari porini wakingoja spea ambayo haikuja. Anasema gari hilihili aliliendesha miezi kadhaa na bushi za springi zilizokatwa kwenye tairi kuukuu. "Tungengoja orijino," akasema, "kuna watu wasingefika hospitali." Hakunisema zaidi ya hapo. Ningefurahi kama angenisema.

Kesho yake nilipanda basi hadi Tunduma. Raba mpya za silinda zote sita hazikufika hata nusu ya bei ya silinda moja ya kwangu. Nikanunua na za masta silinda. Fundi akasafisha chuma kile cha zamani, ambacho kweli ni kizuri, akaweka raba za juzi ndani yake. Tukashuka mteremko ule mara kumi, bila baba, huku kijana amesimama barabarani kututazamia malori. Mara zote kumi gari lilisimama. Siku hiyo fundi akaniita tena mwanangu.

Send-off ilifanyika. Dada alikaa mbele na gauni lake, baba katikati, na watoto wa mtaa wakakimbia nyuma mpaka wakachoka. Vwawa watu walipiga picha ile nembo ya laki moja na nusu. Sikumwambia mtu bei.

Laki saba za mama bado sijamaliza kuzirudisha. Nimempa laki tatu. Amenunua mbolea ya shamba moja, lile la karibu na nyumba, la mbali litangoja. Nikimpigia simu ananisalimia vizuri, ananiuliza kama nakula, mbolea hataji.

Nawe unayelifufua gari la mzee wako, lipia chuma cha kweli kama unacho cha kulipia. Ila kitu cha mpira, kabla hujafurahia boksi, kiminye. Na fundi wako akikuita bosi ghafla, muulize kwa nini.

Kwa leo niishie hapa. Nitamalizia deni la mama kwanza, kisha tutaonana.