Nanga ya Molekuli

Ngalawa iliyotia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani haitulii wala haiendi. Kusi ikivuma hugeuka, maji yakipwa hugeuka tena, ilhali masafa baina ya mtumbwi na marengu hayabadiliki. Huko kuzuiwa pasipo kuvunjwa ndiko wakutafutako wanaokokotoa mienendo ya molekuli kwa kompyuta.

Magofu ya Kilwa, ambayo tangu 2004 hadi 2014 yalikuwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa. Ndani ya vyote viwili mna kaboneti: atomi moja ya kaboni katikati, tatu za oksijeni pembeni, zote bapa, mithili ya mafiga yaliyouzunguka moto. Anayetaka kujua jinsi maji yanavyoing'oa kaboneti hiyo ukutani hana budi kuikokotoa kwa hatua za kiasi cha femtosekunde mbili, na sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Hata hatua hizo, fupi kama zilivyo, aghalabu haziwezekani mpaka mitikisiko ya kasi mno ifungwe. Mwaka 1977 Ryckaert, Ciccotti na Berendsen walionyesha namna ya kuzirudisha atomi, kila baada ya hatua, kwenye masafa yake.

Umbo likishakazwa, litazuiwaje? Ukiifunga kila atomi mahali pake kwa springi ya kihesabu, mafiga hayasogei, lakini hayageuki pia. Hiyo ni ngalawa iliyopigiliwa misumari ufukoni. Ukifunga kitovu cha uzito peke yake, yatayumba na kuzunguka yapendavyo.

Ukuta humomonyoka kwa karne, na hakuna kompyuta ingojayo karne. Basi mtafiti huifunga kamba kwenye kitovu hicho na kuivuta kaboneti mwenyewe. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kubwa kuliko kukosea fundo: akivuta kwa pupa, maji hayapati wasaa wa kupisha, na kazi inayopimwa huzidi ile ya kweli, ilhali picha kwenye kioo hubaki nzuri vilevile. Kwa hiyo huvuta tena, polepole zaidi, akitazama kama hesabu inashuka. Mwaka 1997 Jarzynski alithibitisha kwamba hata mivuto ya haraka, ikirudiwa mara nyingi na kupimwa kwa wastani maalumu, yaweza kutoa kipimo cha kweli. Ila kadiri pupa inavyozidi, ndivyo marudio yanavyohitajika kwa wingi.