Msaada wa karo uliogeuka deni

Kuna jioni moja ya mwaka 2018 ambapo nyumbani kwetu walichinjwa kuku wawili kwa sababu ya simu. Mdogo wangu, aliyekwenda Marekani mwaka 2016 baada ya kushinda bahati nasibu ya kadi ya kijani, alikuwa amepiga kutoka Texas kutueleza kwamba amepata nafasi chuoni. Tena si nafasi tu. Alisema angesoma bila kutoa hata senti moja mfukoni.

"Serikali ya huku ndiyo itakayonilipia, Mama," alisema. Sisi tuliokuwa tumeizunguka simu pale mezani tulipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Jumapili iliyofuata Mama alisimama kanisani akatoa shukrani. Mimi nami nilitamba kazini kwa wiki nzima. Ni nani asiyependa kusema kwamba mdogo wake anasomeshwa na serikali ya Marekani?

Leo najua kwamba siku ile tulisherehekea deni. Wahenga hawakukosea waliposema kukopa arusi, kulipa matanga. Nakusimulia kisa hiki kwa idhini ya mdogo wangu, kwa sababu huenda nawe una mwana au ndugu ng'ambo, na huenda naye amekupigia simu ya aina hiyo.

Mambo yalianza hivi. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku katika makao ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani. Alitaka kuwa muuguzi aliyehitimu. Siku moja aliona tangazo katika simu yake: soma nyumbani, kwa wakati wako, msaada wa karo upo. Akajaza jina na nambari. Kabla jua halijatua alikuwa amepigiwa simu mara tano.

Aliyempigia alijiita mshauri wa masomo. Alikuwa na sauti ya upole, akamwuliza habari za mama yake, akamwambia kuwa watu wenye bidii kama yeye ndio chuo kinaowatafuta. Kisha akamwongoza kujaza FAFSA, ile fomu ya serikali kuu ya Marekani ambayo kila mwanafunzi anayetaka msaada wa karo huijaza. Raia wa Marekani huijaza, na mwenye kadi ya kijani pia anaruhusiwa, lakini mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo hapati fedha hizo. Baada ya fomu ikaja hati nyingine ya kutia sahihi kwa tarakilishi, kisha maswali machache ya kubonyeza "ndiyo". Chini ya saa mbili yote yalikuwa yamekwisha. Mtu huchukua muda mrefu kuliko huo akichagua viatu Gikomba!

Hati ile, msomaji, ilikuwa ahadi ya kulipa mkopo.

Hapa ndipo lugha ilipotuponza. Kwetu, ukisema umepata msaada, maana yake umepewa. Jirani akikusaidia unga, hakuji mwisho wa mwezi kudai riba. Lakini huko "msaada wa karo" ni kapu moja lenye vitu viwili tofauti. Kimoja ni ruzuku ya Pell, ambayo kwa kawaida hairudishwi. Katika mwaka wa masomo wa 2018 hadi 2019 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 6,095, na wenye kipato hupewa sehemu tu. Cha pili ni mkopo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejitegemea aliweza kukopa hadi dola 9,500 kwa mwaka, kwa riba ya asilimia 5.05 kwa mikopo ya mwaka huo. Kati ya hizo, angalau dola 6,000 zilikuwa za aina ambayo riba yake huanza kuhesabiwa tangu siku ya kutolewa, mwanafunzi akiwa bado darasani.

Wanafunzi wetu hapa Kenya hawana shaka juu ya jambo hili. Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 inaitwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na neno mkopo limo katika jina lake. Mwanafunzi anaweza kuiita fedha hiyo "boom" na kuitumia vibaya, lakini anajua kuna siku HELB itamtafuta. Mdogo wangu yeye aliambiwa amesaidiwa.

Masomo yalianza Septemba. Ruzuku na mkopo vikijumlishwa vilizidi karo ya muhula kwa dola 850, na ziada hiyo hurudishiwa mwanafunzi ili imfae kwa kodi ya nyumba, vitabu na chakula. Mdogo wangu alikuwa amepunguza zamu zake ili apate muda wa kusoma, akitarajia ziada hiyo izibe pengo. Nasi alikuwa ametuahidi kwamba mshahara wake ungeendelea kumlipia karo kitinda mimba wetu, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni.

Ziada haikuja. Kwanza aliambiwa kwamba mkopaji wa mara ya kwanza hungoja siku 30 tangu masomo yaanze, na hiyo kweli ilikuwa kanuni ya serikali. Siku 30 zikapita. Kisha akaambiwa fomu yake imeteuliwa kuhakikiwa, atume nakala ya hesabu za kodi ya mapato. Akatuma. Wiki mbili baadaye akaambiwa karatasi haisomeki, atume tena. Akatuma tena. Akaambiwa inakosa sahihi. Kila alipopiga simu katika afisi ya msaada wa karo alipokewa na mtu mwingine, akaeleza upya tangu mwanzo, na kila mmoja alimjibu, "Ngoja wiki mbili." Yule mshauri mpole naye hakushika simu tena.

Hapo, msomaji, hakuna kaunta ya kwenda kugonga. Ukiwa hapa Nairobi, karani akikuzungusha unaweza kukaa kwenye benchi lake tangu asubuhi hadi akuonee haya. Chuo cha mtandao hakina benchi. Mdogo wangu alikopa katika chama cha akina mama Wakenya wa mji ule akalipa kodi ya Oktoba. Ziada ikaingia mwishoni mwa Novemba, nayo yote ikaishia kwenye deni la chama.

Januari kitinda mimba wetu aliripoti shule bila karo kamili. Wiki ya pili akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Mama alilia. Mimi, nikiwa na hasira, nilimwandikia mdogo wangu ujumbe ambao hadi leo unaniuma: "Unasomeshwa bure na bado huwezi kumkumbuka mtoto? Marekani imekusahaulisha kwenu." Hakunijibu. Alinyamaza miezi minne.

Ambacho sikukijua ni kwamba wiki hizo ndizo alizokuwa akizama. Kazini walimhamishia zamu ya mchana bila kumwuliza. Alikuwa na malimbikizo ya kodi. Mwishoni mwa wiki ya sita ya muhula wa pili, muhula wenye wiki 15, aliacha masomo. Alidhani kuacha ni kuacha tu. Kwamba gharama ya serikali ingeishia pale.

Hapa nakuomba unifuate polepole, maana ndipo mtego ulipo. Kwa sheria ya Marekani, fedha za serikali huhesabiwa kwa muda uliosoma. Ukiacha kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, umestahili sehemu tu ya fedha zile. Yeye aliacha katika asilimia 40, kwa hivyo chuo kikatakiwa kurudisha serikalini asilimia 60 ya karo kilichopokea. Kikarudisha. Lakini kwa kanuni zake chenyewe, chuo kilisema mwanafunzi aliyefika wiki ya sita anadaiwa karo nzima ya muhula. Basi fedha zilizorudishwa serikalini zikawa deni lake kwa chuo: dola 3,240, zilipwe mara moja.

Mkopo wa serikali uliobaki ulikuwa dola 6,260. Jumlisha, msomaji. Ni dola 9,500, kiasi kile kile ambacho angedaiwa kama angemaliza mwaka mzima. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya deni ilitoka kwa mdai mwenye subira, anayengoja miezi sita kabla ya kuanza kudai, ikaenda kwa mdai asiye na subira hata ya wiki. Na ili kumfunga zaidi, chuo kilizuia hati yake ya matokeo hadi alipe. Bila hati hiyo hakuweza kuonyesha popote kwamba alifaulu masomo manne ya muhula wa kwanza.

Sikitaji chuo hicho kwa jina, wala sisemi kila chuo cha mtandao ni kibaya. Lakini usidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Julai 2012 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Tom Harkin ilitoa ripoti kuhusu kampuni 30 zinazoendesha vyuo kwa faida. Iligundua kwamba mwaka 2009 kampuni hizo zilitumia zaidi ya asilimia 22 ya mapato kutafuta na kusajili wanafunzi, zikaweka faida ya asilimia 19.4, na kufundisha kukapata zaidi kidogo ya asilimia 17. Mwaka 2010 ziliajiri wasajili 35,202, ilhali wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi walikuwa 3,512. Sasa unaelewa kwa nini mdogo wangu alipigiwa simu tano siku ya kwanza na baadaye akakosa hata mmoja wa kushika simu yake.

Sheria ya Marekani huruhusu chuo cha faida kupata hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka serikali kuu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi ni mlango ambao fedha hupitia kuelekea chuoni, na mlango ukishapitiwa, nani tena ana haja nao? Kampuni ya Corinthian ilipofunga vyuo vyake vya mwisho Aprili 2015, maelfu ya wanafunzi walibaki na madeni bila vyeti. Iliwabidi wangoje hadi Juni 2022 ndipo serikali ikatangaza kufuta dola bilioni 5.8 za waliosoma humo, watu 560,000.

Mdogo wangu hakufutiwa. Alipata nafuu Machi 2020, serikali iliposimamisha malipo na riba ya mikopo yake kwa ajili ya korona, hali iliyoendelea hadi 2023. Aliutumia muda huo kulipa deni la chuo, dola 180 kila mwezi kwa miezi 18. Alipopewa hati yake ya matokeo, akaipeleka katika chuo cha umma karibu na anakoishi. Kati ya masomo yake manne, walikubali moja.

Usiku wa siku hiyo, mwaka 2021, ndipo aliponipigia na kunieleza yote niliyokueleza. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. "Dada," alinijibu, "ningewezaje kumwambia Mama kwamba kuku wale waliliwa bure?"

Nilikosa neno. Nilikumbuka ujumbe wangu wa Januari, nikamwomba msamaha. Alicheka akasema alikwisha kuufuta, lakini nilijua kwamba hakusahau.

Katika chuo kile cha umma alijaza fomu ile ile ya FAFSA. Safari hii aliomba ruzuku, akakopa kidogo tu, na kila swali alilipeleka mwenyewe kwenye dirisha la afisi na kungoja jibu lililoandikwa. Alihitimu uuguzi mwaka 2025. Mkopo wa zamani bado anaulipa kila mwezi. Dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hivyo, msomaji, siku mwanao au ndugu yako atakapopiga simu kusema amepata msaada wa karo, mpongeze, lakini usikimbilie kisu cha kuku. Mwulize kwanza: katika fedha hizo, ngapi ni ruzuku na ngapi ni mkopo? Ukiugua au ukihamishwa zamu ukaacha masomo katikati, nani atamdai nani? Je, chuo cha umma kilicho karibu kitakubali masomo ya chuo hicho? Na majibu hayo umepewa kwa maandishi, au kwa sauti tamu ya simu?

Kisha umwambie jambo moja ambalo mimi sikumwambia mdogo wangu: kwamba mambo yakiharibika, apige simu nyumbani hata kama hana cha kutuma. Deni lake lilikuwa dola 9,500. Lililomwelemea zaidi ni lile alilolibeba peke yake miaka miwili, akiogopa vigelegele vyetu.