Filamu ya dola 218, na mama yangu kwenye simu

Leo sina habari za baridi wala za bei ya unga wa ugali huku Uingereza. Nataka tuongelee filamu moja inaitwa Tarnation, ya Mmarekani Jonathan Caouette. Ilikamilika mwaka 2003, ikavuma 2004 ilipopita kwenye matamasha ya Sundance na Cannes. Mimi nimeiona mwaka huu, nikiwa na siku mbili za mapumziko, na tangu hapo haijanitoka kichwani. Nawatahadharisha mapema: siyo ya kuangalia na watoto, wala siyo ya kuangalia ukiwa umetoka zamu umechoka.

Jonathan alikulia Houston, Texas. Alianza kujirekodi akiwa na miaka 11, na hakuacha. Alitunza kila kitu: picha za familia, kanda za video, hata sauti za watu walioacha ujumbe kwenye simu ya nyumbani. Karibu miaka 20 ya maisha. Halafu akavikusanya vyote akavihariri kwa programu ya kawaida tu, ile ya iMovie inayokuja na kompyuta ya Apple. Mwenyewe alisema gharama ilikuwa dola 218 na senti kadhaa. (Baadaye kulipia haki za muziki kulipandisha gharama sana, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Ndani yake kuna mengi, pamoja na ujana wake kama mvulana anayependa wavulana katika mji ule. Lakini moyo wa filamu ni mama yake, Renee.

Renee alikuwa binti mzuri, mtoto wa matangazo ya picha. Siku moja akaanguka kutoka kwenye paa la nyumba, akawa hawezi kutembea kwa miezi. Wazazi wake wakaambiwa huenda tatizo liko kichwani tu, wakashauriwa apigwe umeme. Kwa mujibu wa filamu, alipitishwa umeme kichwani mara mbili kwa wiki kwa muda wa miaka miwili. Hakurudi kuwa yule binti wa mwanzo. Akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali za magonjwa ya akili kwa miongo. Katikati ya hayo akamzaa Jonathan, ambaye alipita kwa walezi wa serikali, akateswa huko, mwishowe akalelewa na babu na bibi. Ndiyo, babu na bibi hao hao waliompeleka Renee kwenye umeme.

Hapa naomba niseme kidogo kama nesi, maana najua mtu akisoma hivi ataogopa. Matibabu ya umeme yalianza Rome mwaka 1938. Miaka ya mwanzo mgonjwa alipigwa akiwa macho, bila dawa ya usingizi wala ya kulegeza misuli, na wengine walivunjika mifupa kwa kile kifafa kinachofuata. Leo yapo bado, hata huku, lakini mgonjwa analazwa usingizi, daktari wa usingizi yuko pembeni, na hupewa zaidi mwenye sonona kali ambaye dawa zimeshindwa au ameacha kula na kunywa. Nimewaona waliosaidika. Kwa hiyo kinachonisumbua siyo umeme wenyewe. Kinachonisumbua ni kwamba binti aliyeanguka kutoka kwenye paa alitibiwa ugonjwa ambao pengine hakuwa nao, na nyumba nzima ikaishi na matokeo yake bila kuyasema.

Jamani, hapo ndipo filamu ya Texas iliponikuta Morogoro. Nilikuwa darasa la nne mama yangu alipougua mara ya kwanza. Halali, anaongea usiku kucha, anagawa vyombo vya ndani kwa wapita njia, kisha wiki chache baadaye hainuki kitandani. Kwanza tukaambiwa ni jicho la watu. Tukaenda kwa mganga mmoja nje ya mji, akachanjwa. Tukaenda kwenye maombi, akafungwa siku tatu bila kula. Hospitali ilikuwa ya mwisho, maana nani alitaka jina la familia litajwe pamoja na Mirembe? Hospitali ile ya Dodoma ipo tangu 1927, lakini kwetu mitaani jina lake ni tusi. Watoto tulikuwa tunatukanana kwa hilo jina kabla hatujajua Dodoma iko wapi.

Na wazee wetu waliofanya hayo walikuwa watu wema. Bibi yangu aliuza mbuzi ili kumlipa yule mganga. Ndiyo maana sikuweza kuwachukia wale wazee wa Houston. Walimwamini aliyewashauri, kama bibi alivyomwamini wake. Mtu anaumwa mbele yako, unashika mkono wa kwanza unaonyooshwa. Ubaya unaanza baadaye, pale ambapo hakuna anayeruhusiwa kuuliza: ilikuwaje? Kwenye filamu Jonathan anamuuliza babu yake mbele ya kamera, na babu anakwepa. Anambana mama yake maswali, mama hataki. Kwetu usingethubutu hata kumuuliza. Mkubwa akisema "mama yenu alikuwa na malaria iliyopanda kichwani", basi ni malaria, mpaka leo.

Sasa nije kwenye sehemu inayobishaniwa zaidi. Mwaka 2002 Renee alizidisha dozi ya lithiamu, Jonathan akarudi Texas kumtazama. Lithiamu ni dawa nzuri sana, imeokoa wengi, lakini nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba. Damu inapimwa; kwa kawaida tunataka kiwango cha 0.4 hadi 1.0, kikifika 1.5 tunaanza kuhofia. Mgonjwa akiharisha sana, akikosa maji mwilini au akijinunulia ibuprofen dukani, kiwango kinaweza kupanda bila yeye kumeza kidonge cha ziada. Anatetemeka, anayumba, anachanganyikiwa. Wengine ubongo unabaki na jeraha la kudumu.

Baada ya tukio hilo Jonathan anamrekodi mama yake akiwa na boga dogo mkononi. Anaimba, anacheka, anaongea na lile boga, anarudia, anacheka tena. Na kamera haikatwi. Inaendelea na kuendelea mpaka wewe mtazamaji unataka kuzima. Wapo waliosema ni unyonyaji, mtoto kamwanika mama yake uchi wa akili mbele ya dunia. Wapo waliosema ni ukweli, na ukweli haupendezi.

Mimi niliangalia boga lile nikiwa na jambo langu kwenye simu.

Kaka yangu mkubwa ndiye anayeishi na mama. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Anamwogesha, anampeleka kliniki kuchomwa sindano ya kila mwezi, anapigiwa simu na majirani usiku. Mwaka jana mama alipougua tena, kaka akaanza kunitumia video kwa WhatsApp. Mama yuko uani, kanga imedondoka, anahubiri. Mama anawafukuza kuku wasiokuwepo. Nilipomwuliza, akanijibu: "Nyie mlioko nje mkiambiwa hamwamini, mnadhani tunatafuta hela. Sasa angalia mwenyewe."

Ana haki. Umbali unatufanya tuwe mahakimu wa kutaka ushahidi. Na kwa upande wa kazi, video zile zilinisaidia: niliona kasi ya maneno, nikaona mikono inatetemeka, nikamwambia kaka amweleze daktari, na dozi ikabadilishwa. Lakini video hazikuja kwangu peke yangu. Zilitumwa kundi la familia. Lina watu zaidi ya 40, wakiwemo mashemeji ambao mama hajawahi kukaa nao meza moja. Wiki haikuisha, binamu yetu wa Dar akaniuliza, "Mama mkubwa bado anafukuza kuku?" na alama ya kicheko.

Huku kuna sheria ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa mtu kufanya maamuzi. Tunafundishwa kanuni yake ya kwanza mpaka tunaiota: kila mtu mzima anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua mambo yake mpaka ithibitike hana. Na mgonjwa wa akili tunamhimiza aseme akiwa mzima angependa afanyiweje siku akizidiwa. Nani apigiwe simu, dawa gani hazitaki, nani asije wodini. Tunaandika kabisa.

Basi mama alipotulia, nikapiga simu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, habari za baridi. Nikamwambia, mama, ukiumwa kaka huwa anakurekodi, unajua? Akanyamaza kidogo. Akasema anajua, aliziona kwenye simu ya mjukuu. Nikamwuliza anataka tufanyeje. Nilitegemea aseme zifutwe zote. Akasema hivi:

"Daktari apelekewe, aone ninavyokuwa, maana nikifika kwake huwa nimeshapoa naonekana mwongo. Wewe utumiwe, wewe ni nesi. Lakini kwanza nifungeni kanga na kitambaa kichwani. Na shangazi zenu, hapana."

Wadau, nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Miaka yote hiyo tulikuwa tunajadiliana juu ya mama kama vile tunajadili paa linalovuja, wakati mwenyewe anajua anachotaka mpaka kwenye orodha ya watu wa kutumiwa. Kaka hakupinga hata kidogo. Alisema hakuna aliyewahi kumpa utaratibu, ndiyo maana alitafuta wake. Video zimeondolewa kwenye kundi, ingawa najua zilizokwisha kupakuliwa hazirudi. Sasa kaka anarekodi dakika moja, mama akiwa na kanga yake, inaenda kwa daktari na kwangu. Basi.

Je, Jonathan alikosea na lile boga? Nimebadilisha mawazo mara tatu. Tofauti ninayoiona kati yake na ile video ya kuku ni hii: kabla ya boga ameshatuonyesha Renee akiwa binti, Renee akicheza, Renee mrembo, Renee akiwa na hasira na haki yake. Na yeye mwenyewe yuko ndani ya picha, akilia, akiogopa kuwa naye atakuwa kama mama. Hasimami nyuma ya ukuta akicheka. Tunapofika kwenye boga tunajua ni nani aliyeumia, na kiasi gani. Video ya uani ilimwonyesha binamu yetu mwanamke kichaa tu. Haikumwonyesha mtu aliyetusomesha watoto wanne kwa kuuza maandazi. Hata hivyo, ningeikata fupi ile sehemu. Kilichohitajika tulishakiona dakika ya kwanza.

Jonathan alitoa filamu nyingine mwaka 2011, Walk Away Renee, anamsafirisha mama yake kwa gari kutoka Houston mpaka New York, na njiani dawa zake zinapotea. Kwa sisi wenye wagonjwa, hiyo inafaa kuliko mahubiri. Andikeni majina ya dawa na dozi, karatasi moja kwa mgonjwa, nyingine kwa anayemtunza, nyingine kwako uliye mbali.

Na kama una mzazi wa namna hii nyumbani, usingoje azidiwe ndipo mjadiliane. Mpigie siku akiwa mzima. Mwulize mwenyewe, halafu nyamaza usikilize. Nami naingia zamu ya usiku, tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.