Gari linalolia asubuhi

Najua nimekuwa kimya. Wengi mliniuliza kwa nini hela ya bati za mama ilichelewa mwezi wa kwanza, nikawajibu kwa mkato tu "gari linasumbua". Leo nawapa habari kamili, na nyie mnaoendesha magari yenye umri kidogo someni vizuri, inaweza kuwafaa.

Shively ni kimji kilichobanana na Louisville, jimbo la Kentucky, na barabara yake kubwa ni Dixie Highway. Kazi yangu ni ya usiku, kupakia vifurushi uwanja wa ndege (uwanja wameupa jina la Muhammad Ali tangu 2019, yule bondia alizaliwa hapa hapa Louisville mwaka 1942). Muda ninaotoka, kungoja basi kwenye baridi ile ni adhabu. Kwa hiyo jamani gari huku si ufahari, ni jembe.

Basi baridi ilipokolea, jembe likaanza kulia. Nikiwasha tu, mmmmmm, kama ng'ombe anayeumwa. Nikikanyaga mafuta sauti inapanda, nikikata kona ndiyo kabisa. Likipata moto, kimya! Nikalipeleka gereji moja huku, jamaa akasikiliza akiwa amesimama pembeni, boneti hakufungua, akaniandikia: pampu mpya ya pawa stelingi pamoja na ufundi, dola 780. Mnajua mama anasubiri bati. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kesho yake saa mbili asubuhi, Morogoro ikiwa saa kumi jioni, nikarekodi ile sauti nikamtumia mjomba wa Msamvu kwa WhatsApp. Mjomba hajawahi kuona theluji, lakini amezeeka chini ya magari. Akaniuliza swali moja tu: "Chini pana tone la mafuta?" Hapana mjomba, pakavu. Akacheka. "Basi hilo linakunywa hewa."

Akanieleza hivi. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Inavuta mafuta kutoka kwenye kikopo chake, halafu inayasukuma kwa nguvu kubwa kwenda kwenye stelingi. Upande wa kusukuma ukitoboka, mafuta yatamwagika na utayaona. Upande wa kuvuta ukilegea, huenda usione hata tone, ila hewa inapenya, sawasawa na kunywa soda kwa mrija uliopasuka. Hewa ile ikifika ndani ya pampu ndiyo inayopiga kelele. Na kwenye baridi mafuta yanakuwa mazito, pampu inavuta kwa shida zaidi, na oringi ya mpira iliyozeeka imekakamaa, haizibi tena. Gari likipata moto, mafuta yanalainika na mpira nao unalainika. Nilibaki mdomo wazi, maana ndivyo gari lilivyokuwa linafanya!

Hakuniruhusu kununua kitu kabla ya kuangalia. Kwanza mafuta, injini ikiwa imezimwa: yalikuwa chini ya alama kidogo. Halafu nikawasha, jirani yangu Mkongo akazungusha usukani taratibu kulia na kushoto, mimi nachungulia kwenye kikopo. Povu tupu, kama togwa iliyochacha! Mkanda nao nikaukagua, haukuwa na ufa wala haukulegea (mkanda ukiteleza unapiga kelele kali ya "chwiii", hasa ukikata usukani hadi mwisho). Na ingekuwa mlio wa "kho, kho" ukipita kwenye shimo, ningetafuta tairodi au boljointi, siyo pampu.

Oringi niliipata kwa dola nne na ushee. Bomba la kuvutia limeshikwa na nati mbili tu. Nikafungua, nikafuta uchafu, oringi mpya nikaipaka mafuta yale yale kabla ya kuivisha. Ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki, nikaikunja ikakatika. Nikajaza mafuta, nikainua magurudumu ya mbele, nikazungusha usukani huku na huku mara nyingi, kwanza injini imezimwa, kisha inawaka, bila kuushikilia mwishoni, maana hapo pampu inaumia. Siku mbili povu likaisha, na kelele ikaisha nayo.

Ila angalieni mafuta gani mnatia. Toyota nyingi za zamani zinatumia yale ya giaboksi ya otomatiki, Honda wana ya kwao. Someni kwenye kifuniko au kitabu cha gari, msisikilize muuza duka.

Niliwasimulia wenzangu. Wa Columbus akanicheka, gari lake jipya linasaidiwa na mota ya umeme, halina hata hayo mafuta. Wa Buffalo hakucheka. Huko wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na mabomba ya chuma yanaliwa na kutu. La kwake lilipasuka upande wa kusukuma, usukani ukawa mzito kama wa trekta la zamani.

Mjomba nimemtumia ya soda. Mama, bati zimelipiwa Jumatatu, mwenye duka anasubiri tu umwambie rangi. Mwambie kaka asichague ile nyekundu.