Dawa na Funga ya Kijana Wetu

Ndugu zetu Waislamu, leo twaandika jambo lililotupata wenyewe, baba na mama, humu mwetu Bariadi, ili liwe mazingatio kwa wazazi wenzetu.

Kijana wetu tulimpeleka chuo kikuu Dodoma kwa fedha ya pamba. Mwaka wake wa pili akashikwa na maradhi ya akili yaitwayo baipola. Siku nne zilipita hakulala wala hakuchoka, akisema mbio mbio na kuitapanya ada yake. Kisha akaanguka katika huzuni, hatoki kitandani wala haendi darasani. Daktari akampa vidonge vya lithiamu, dawa ambayo faida yake kwa maradhi haya ilidhihirishwa na John Cade wa Australia mwaka 1949. Akamwonya asikose maji wala usingizi, na damu yake ipimwe mara kwa mara. Akatulia, akarejea masomoni.

Ramadhani ilimkuta nyumbani likizoni. Sisi, kwa ujinga wetu, tukamwambia: "Mwanetu, viweke vidonge hivyo, Mola atakutosha." Akaacha dawa, akafunga, akakesha nasi msikitini kumi la mwisho. Tukafurahi kumwona mchangamfu. Kumbe uchangamfu ule ndio maradhi yenyewe! Idi ilitukuta hospitalini, na wenzake walipofanya mtihani yeye alikuwa wodini.

Lau tungalizingatia Suratul Baqara, aya ya 185, tusingalikosea: humo mgonjwa ameruhusiwa kula, akalipa siku nyingine. Tena atumiaye lithiamu akikosa maji mchana kutwa, dawa yaweza kuzidi damuni ikawa sumu; na kukesha peke yake kwaweza kuyaamsha maradhi. Basi yatupasa kumwuliza daktari kabla ya mwezi kuandama, kisha mwanachuoni juu ya kulipa au kulisha maskini.

Wako wasemao haya ni majini tu. Dua hatukuiacha. Lakini hospitali ya Sultani Qalawun mjini Kairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Waislamu wale hawakuona aibu kuwatibu.

Kijana amerudi chuoni, nasi tumemwomba radhi. Tukimpigia simu usiku hatuanzi kwa kuuliza alama, twauliza: "Umekula dawa? Jana ulilala?" Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa msaada kwa watoto wetu, wala si mtihani juu ya mtihani wao. Amin.