Mwendo wa aliye dhaifu: siku nane katika nchi ya barafu

Neno safari tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika asili yake mna maana ya kufunua. Imamu Ghazali ameitaja maana hiyo: safari imeitwa hivyo kwa kuwa huzifunua tabia za watu. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (RA) alimsikia mtu akimsifu mwenzake, akamuuliza kama amewahi kusafiri naye. Alipojibu kuwa hajawahi, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Mwezi wa Juni mimi na mke wangu tulisafiri kwa gari kuizunguka Iceland, kisiwa kilicho kaskazini ya mbali katika Bahari ya Atlantiki, na ndipo nilipoielewa zaidi kauli hiyo.

Hatukwenda kwa anasa tu. Mwaka uliotangulia mke wangu alifiwa na mama yake huko Tanga, nasi tunaishi Uingereza. Dini yetu inahimiza kuharakisha maziko, na ndivyo ilivyokuwa: marehemu alifariki alfajiri, akazikwa baada ya Alasiri, na binti yake akayasikia maziko kwa simu. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa maneno machache. Alipika, alikwenda kazini, aliswali, lakini hakulia wala hakumzungumza mama yake. Ameniruhusu kuyaandika haya, kwani anasema wapo wengi ughaibuni wenye jeraha kama lake.

Tulikodi gari dogo la kulala, lenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Barabara inayoizunguka nchi, yaani Barabara Namba 1, ina urefu wa takriban kilomita 1,320. Ilikamilika mwaka 1974, mito itokayo chini ya barafu upande wa kusini ilipojengewa madaraja. Baadhi ya madaraja huko yanapitisha gari moja tu kwa wakati, na adabu ya njia ni kuwa anayefika kwanza ndiye anayepita, mwingine husubiri. Sheria hairuhusu kulala ndani ya gari popote upendapo. Ni lazima ulale kambini, au upate idhini ya mwenye ardhi. Kuacha barabara na kuendesha gari juu ya majani pia ni kosa, kwa sababu mimea ya huko huchukua miaka mingi kuota tena. Upepo nao si wa mchezo: mlango wa gari hufunguliwa kwa mikono miwili, ama sivyo utang'olewa.

Chakula hakikutusumbua. Tulibeba mchele, bizari na tende, na samaki wa nchi hiyo ni wengi na wazuri. Waislamu wa huko ni wachache, lakini wana jumuiya yao iliyoanzishwa mwaka 1997, na msikiti upo Reykjavík, mji mkuu.

Jambo lililotaka elimu ni swala. Katika mwezi wa Juni jua huzama karibu na saa sita za usiku, na huchomoza tena baada ya saa tatu hivi. Wekundu wa magharibi hautoweki, kwa hiyo alama ya kuingia Isha haionekani. Wanazuoni wamelijibu hili kwa kukadiria, na tegemeo lao ni hadithi ya Dajjali iliyomo katika Sahihi Muslim: masahaba waliuliza juu ya siku iliyo ndefu kama mwaka, wakaelekezwa wakadirie nyakati za swala. Sisi tulifuata ratiba ya makadirio, tukaitumia na rukhsa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya. Kibla nacho kilitutaka tuzinduke. Tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kuelekea kaskazini. Huko Makka iko mashariki, ikielemea kusini kidogo.

Ndani ya gari lile watu wawili hawawezi kusimama kwa pamoja. Mmoja akipika, mwingine lazima akae. Hakuna chumba cha kukimbilia, wala televisheni ya kujifichia. Usiku wa tatu, tukiwa kambini Skaftafell, mke wangu alianza kuzungumza. Alieleza mama yake alivyopika mkate wa kumimina kila Ijumaa, na jinsi alivyokunja kanga zake kwa mpangilio ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Nje palikuwa na mwanga mweupe, hapakuwa na giza la kutuambia kuwa sasa ni wakati wa kulala. Nilimsikiliza mpaka Alfajiri.

Siku iliyofuata tulipanda barafuni. Takriban sehemu moja katika kumi ya Iceland imefunikwa na barafu ya kudumu, na kubwa kuliko zote ni Vatnajökull, ambayo pamoja na hifadhi yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2019. Kutoka katika bamba hilo hushuka mito ya barafu. Theluji ya miaka mingi hushindiliana hadi ikawa barafu ngumu, kisha uzito wake wenyewe huisukuma polepole bondeni. Mmoja wa mito hiyo ni Falljökull, nao ndio tuliopanda.

Hakuna anayeruhusiwa na akili yake kupanda huko bila kiongozi, kwani nyufa ni nyingi, na nyingine zina kina kisichoonekana mwisho. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kila mmoja alipewa kofia ngumu, mkanda wa usalama, sululu ndogo, na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Kwa dada zetu naongeza neno: vazi refu linalofika chini ni hatari, kwa sababu meno hayo hulinasa na kukuangusha. Mke wangu alivaa koti pana lililofika magotini, suruali pana ya mvua iliyofungwa vizuri vifundoni, na mtandio mwembamba wa sufi chini ya kofia. Sitara ilitimia na usalama ukapatikana.

Tulipofika kwenye ukingo mwembamba kati ya nyufa mbili, miguu ya mke wangu iligoma. Chini tulisikia maji yakipita. Kiongozi alirudi, hakumkemea wala hakumbembeleza. Alimweka nyuma yake moja kwa moja, akamwonyesha namna ya kukanyaga kwa unyayo mzima na miguu ikiwa imetengana, kisha akawatangazia wote kuwa kuanzia hapo mwendo ni wake. Mwenzetu mmoja alinung'unika kuwa muda unapotea. Kiongozi akamjibu kwa upole kuwa juu ya barafu kundi hupimwa kwa aliye wa polepole, na asiyekubali hilo hafai kupanda.

Nilimkumbuka Uthman bin Abil-As (RA), aliyemwomba Mtume (SAW) amfanye imamu wa watu wake. Alikubaliwa, na akaelekezwa aupime mwendo wa swala kwa aliye dhaifu miongoni mwao. Katika kamati ya msikiti wetu hadithi hii tumeisoma mara nyingi. Siku ile niliiona ikitembea.

Juu tulipumzika. Kiongozi alituonyesha mistari myeusi ndani ya barafu, ambayo ni majivu ya milima ya volkano, na kando ya bonde akatuonyesha alama ya mahali barafu ilipofika zamani, mbali na iliposimama sasa. Sisi tunaijua habari hiyo kwetu: kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Mke wangu aliitazama alama ile, kisha akasema, "Mama angelifurahi kuyaona haya." Akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Watu walisubiri. Hata yule aliyenung'unika alivua glavu akamtolea kitambaa. Tuliinua mikono tukamwombea marehemu, kisha tukashuka kwa mwendo uleule.

Ndugu wasomaji, si lazima kwenda Iceland. Gharama zake ni kubwa. Wanandoa wanaweza kwenda Lushoto au Pangani, ili mradi waziache simu na shughuli, wakae mahali padogo pasipo pa kukimbilia. Na katika kila nyumba yupo ambaye leo miguu yake imegoma: mfiwa, mgonjwa, mzazi aliyezeeka, mtoto aliyeanguka mtihani. Tusimwambie akaze mwendo. Tumweke karibu na anayeongoza, na wengine tupunguze hatua.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu na marehemu wetu wote, awape subira wafiwa walio mbali na makaburi ya wazazi wao. Amin.